Mwanafunzi Aliyemwambia Mgeni Anyamaze

Nilianza ualimu miaka ya hamsini katika shule ya wasichana pale Tanga, nikiwa bado naishi kwa mama yangu, mtaa wa Mabawa. Nilipewa watoto walioanza Kiingereza mwaka uleule. Nilikuwa na sauti, na darasa lilinitii. Nikisema kwa Kiingereza "simameni", wanasimama kama mtu mmoja, "kaeni", wanakaa, "kimya", unasikia kunguru akitembea juu ya bati. Nilijiona mwalimu hasa.

Muhula wa pili akaja mkaguzi, mama wa Kizungu mwenye kofia ya ukili. Alitokea mlangoni kwangu kabla ya mtu kunitahadharisha. Karibu na mlango alikaa binti wa mkata mkonge, mtoto mchangamfu asiyejua kuogopa watu. Kumwona mgeni tu, akasimama wima, akamkaribisha kwa Kiingereza chote alichokuwa nacho:

"Ingia! Kaa chini! Nyamaza!"

Mgeni akaingia, akakaa, akanyamaza. Hakutoa neno mpaka kipindi kikaisha, ila mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

Mwalimu mkuu, mama wa Kibondei aliyelelewa misheni, hakucheka. Alituita ofisini, mimi na mtoto.

"Huyu hana adabu," alisema, na fimbo iko mezani.

"Adabu anayo, Bibi," nikamjibu. "Kwa Kiswahili hapiti mbele ya mtu mzima bila kuomba radhi. Kiingereza nilichompa mimi ni cha kuamrisha. Kingine hana."

"Basi mpe hicho kingine," akasema, akaturuhusu twende.

Kesho yake nilitoka nje ya darasa, nikafunga mlango, nikapiga hodi. Ndani kimya. Nikapiga tena, mpaka wakaelewa kwamba wao ndio wenye nyumba na mimi mgeni wao. Tukajifunza kukaribisha, kushukuru, kuomba ruhusa. Kukataa ndiko kulikowasumbua. Mtoto wa Pwani akikaribishwa chakula hasemi "sitaki". Husema "nimeshiba, ahsante". Ilibidi tulitafutie neno hilo Kiingereza chake, nacho tukakipata.

Nikaacha pia kuinua kalamu na kuuliza "hii ni nini?", kana kwamba kuna asiyeijua. Nikauliza nisiyoyajua. Binti mmoja wa Muheza akanisimulia, kwa maneno machache na mikono yote miwili, jinsi nyani walivyovamia michungwa ya babu yake. Nilimwacha amalize. Makosa niliyasahihisha baada ya nyani kufukuzwa.

Siku moja ya jua kali, mwalimu mkuu alikuja kuwaamuru wasichana kwa Kiingereza wakafyeke majani uwanjani. Walikuwa wametoka kukimbia, midomo imewakauka. Kwa desturi ya shule, Kiingereza chake hakikujibiwa ila kwa miguu: akiamuru, unakwenda. Yule binti wa mkata mkonge akainua mkono.

"Tafadhali, Bibi," akasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno mahali pake, "tunaomba ruhusa tunywe maji kwanza."

Sikumsaidia; ombi lilikuwa lake, na lilikuwa limekamilika.

Mwalimu mkuu akageuka taratibu. "Mnaweza," akamjibu, kwa Kiingereza vilevile. "Ahsante kwa kuomba."

Wakatoka mbio kwenda bombani, wakisukumana na kurushiana maji. Yeye akabaki dirishani akiwatazama.

"Kesho kipindi chako ni saa ngapi?" akaniuliza.

"Cha kwanza, Bibi, asubuhi."

"Nitakuja kukaa nyuma," akasema. "Nataka kuona unavyowafundisha."

Akaja, na wiki iliyofuata akaja na walimu wengine wawili. Mimi nikaendelea na kazi yangu.