Plasta Iliyokataa Kushika Usoni Mwangu

Jamani, nyie mnaojifungia chumbani na kichwa mkononi, nisikilizeni! Mimi naendesha mashine ya kukoboa mpunga hapa Rujewa, na ngurumo yake nilikuwa naipenda kweli. Kisha kipandauso kikanivamia.

Kilianza na vimulimuli jicho la kushoto. Halafu upande mzima wa kichwa unagonga, natapika mpaka nyongo. Harufu ya pumba tu, machozi! Tajiri wangu, mwenye mashine, akaniambia, "Mama Neema, ukiangukia mkanda wa mashine tutakuzika. Pumzika kwanza." Nililia. Kazi yangu ile!

Daktari kule Chimala alinipima vizuri, akanipa vidonge. Vilipunguza, havikumaliza.

Sasa, binti wa kaka yangu, Tumaini, anasoma mambo ya maabara chuoni Iringa. Yeye na mwalimu wake walikuwa wanatengeneza plasta ya jeli yenye maji mengi, ndani yake mnanaa na mkaratusi, ya kubandika kwenye paji la uso. Daktari akasema, "Jaribu, ila vidonge usiache."

Ya kwanza iliyeyuka kwa joto letu, ikanitiririka shingoni kama uji. Ya pili ikawa ngumu, lakini ikateleza mpaka kwenye nyusi. Ya tatu, hivyohivyo! Tumaini akanipigia amenyong'onyea. "Shangazi, wagonjwa wenzako huku Mlandege, Iringa, inawashika. Labda nianze upya."

Akaja mwenyewe. Asubuhi akanikuta najipaka mafuta ya mgando usoni, maana mwanamke atatokaje nje amepauka?

"Shangazi! Mafuta! Kila siku?"

"Kwani wewe hupaki?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikanawa paji kwa sabuni, nikajifuta, akanibandika plasta nyingine. Weee! Ikashika!

Siku ya tatu vimulimuli vikaja. Nikameza kidonge, nikabandika. Ubaridi ukatulia pale, nami nikakaa na beseni nikisubiri kutapika. Sikutapika! Jioni nikala ugali, nikaongeza.

Haijaniponya kabisa, siwadanganyi. Lakini siku mbaya zimekuwa chache, na tajiri kanirudisha. Nendeni hospitali kwanza, msijibandike majani ovyo. Asante Mungu, asante daktari, asante mwanangu Tumaini, aliyeandika juu kabisa ya maelezo ya plasta yake: "Usipake mafuta."

Jana alinipigia kuniuliza naendeleaje. Sikusikia hata neno moja. Mashine ilikuwa inanguruma, nami nimesimama pembeni yake, nacheka.