Jinsi Nilivyompima Beki wa Pipeline

Kocha alinipigia simu nikiwa stoo, kazini, nikitafuta katoni ambayo kila mtu aliapa ameiona.

"Kuna fomu nataka unijazie," akasema. "Ya yule msichana beki."

Nikamwuliza kwa nini asiijaze mwenyewe, na yeye ndiye kocha. Akanieleza kwamba kuna kambi ya mazoezi ya hoki ya barafuni, katika nchi ambayo maji huganda yenyewe bila kusumbua stima, na watu wa kambi hiyo wanataka msichana apimwe na mtu asiyemfundisha. Mtu aliyewahi kucheza. Mtu asiye na upendeleo.

"Na asiye na shughuli Jumapili," akaongeza.

Nilikubali kabla sijafikiri. Ukweli ni kwamba nilifurahi kukumbukwa. Watu wengi hucheka wakisikia kwamba Nairobi tunacheza hoki ya barafuni, na siwalaumu. Kiwanja ni kimoja, kidogo, kiko ndani ya jengo, na ukitoka pale na jasho lako lililoanza kuganda unakutana na jua la saa saba likikusubiri mlangoni. Mimi nilikuwa miongoni mwa vijana wa mwanzo. Tulianza na viatu vya magurudumu kwenye maegesho ya magari huku mitaa ya Tena na Umoja, tukapanda barafuni tukiwa tunashikana mikono kama maharusi. Nilikuwa mshambuliaji. Niliwahi kuitwa hatari, ingawa aliyeniita hivyo alikuwa kipa wetu wenyewe. Kisha goti likanisaliti, nikabaki kuwa mtu wa kusimulia.

Sasa, mshambuliaji kupewa kazi ya kumpima beki ni kama paka kuulizwa maoni yake kuhusu mbwa wa jirani. Maoni anayo, tena mengi. Haki ndiyo hana.

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Kasi, mizani ya mwili, pasi, kurudi kinyumenyume, kusoma mchezo, ujasiri. Kila kimoja alama moja hadi tano. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu isipokuwa swali moja: unadhani mchezaji huyu anaweza kufika wapi?

Jumapili ya kwanza nilikaa nyuma ya kioo nikiwa nimejifunga leso ya mke wangu magotini, fomu mapajani, thamosi ya chai pembeni. Msichana alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mwembamba, na helmeti iliyomzidi kidogo hivi kwamba akigeuka, kichwa kilitangulia nayo ikafuata. Alisimama upande wa kushoto. Washambuliaji wakaja na paki, kile kisahani kigumu cha mpira tunachokigombania. Wakafika kwake, wakazunguka kando, wakaishia kwenye kona, paki ikapotea. Wakaja tena. Kona tena. Nikachoka kumtazama, nikageukia upande wa kulia, ambako kulikuwa na vituko: watu wanaanguka, mabao yanaingia, beki wa huko anapiga kelele na kugonga watu kwa bega. Yule nilimwelewa.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeandika: kasi mbili, ujasiri mbili. Na katika maelezo: "Hana haraka. Haonekani mchezoni."

Mke wangu, ambaye hajawahi kukanyaga barafu na anasema mpango huo hana, aliisoma fomu akikata sukuma wiki.

"Kwa hiyo hakufanya kitu."

"Hakuna kilichotokea upande wake."

"Hata ukitoka kanisani huwa unasema hakuna kilichotokea." Akakata mashina mawili. "Upande wake walifungwa mangapi?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena, nikitafuta hata moja la kunisaidia.

"Hakuna," nikasema.

Aliendelea na sukuma yake kwa utulivu ambao mume yeyote anaujua. Nikachukua kalamu, nikazifuta zile alama mbili mbili, na kwa kuwa sikujua niandike nini badala yake, nikaziacha wazi.

Katikati ya wiki nilimpata msichana kwenye simu, nikamwuliza alijifunza wapi.

"Juu ya ploti, anko," akasema, kana kwamba ni mahali ambapo kila mtu hujifunzia.

Jumamosi nikaenda mtaa wa Pipeline kuona. Ploti yao ilikuwa jengo refu la kupanga, nao walikaa ghorofa ya saba. Kwenye ya tano kulikuwa na tangazo la mwenye nyumba limebandikwa ukutani, kwamba maji yatakuja Jumatano, nikalisoma mara tatu kwa makini makubwa hadi pumzi ikanirudia. Mama yake alinifungulia mlango. Alikuwa mama wa kutoka magharibi mwa nchi, mfanyakazi wa kiwanda cha plastiki, mwenye mikono mipana na macho ya mtu ambaye ameshanipima kabla sijaketi.

"Keti kwanza, mwalimu, upumue."

Nikamwambia mimi si mwalimu.

"Si unampa mtoto wangu alama?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wewe ni mwalimu." Akanimiminia chai. "Mimi swali langu ni moja. Hiyo barafu, mtu akiangukia, inauma?"

"Inauma, mama."

"Nilidhani ni laini. Ya kwenye friji ni laini." Akamtazama binti yake kwa namna iliyoonyesha kwamba kuna jambo aliwahi kuambiwa tofauti. Binti akaanza kufunga viatu vyake.

Tukapanda paani. Kulikuwa na matangi ya maji na kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta, na siku hiyo, kwa kuwa maji yalikuwa yamekuja Jumatano iliyopita, mashuka yalikuwa yamejaa. Baina yake mlikuwa na vichochoro vya upana wa mtu mmoja na nusu. Msichana akasimama juu ya viatu vyake vya magurudumu, gurudumu moja jekundu na mengine meusi, akashika gongo lake la hoki, akaanza kurudi kinyumenyume. Alipita katikati ya mashuka bila kugeuza shingo. Alikata kona, akainama chini ya kamba, akainuka upande wa pili. Hakuna shuka lililotikisika ila kwa upepo.

"Ukigusa nguo?" nikauliza.

"Naifua," akasema. "Ndiyo sheria ya wamama wa hapa. Mwaka wa kwanza nimefua mashuka ya ploti nzima."

"Na ulikuwa ukicheza na nani?"

Akapiga mluzi. Watoto watano wakatokea ngazini, wa kike na wa kiume, mkubwa wao labda miaka kumi, wakiwa na vijiti na kifuniko cha mkebe wa rangi. Wakamjia watatu kwa mpigo, wakipiga kelele. Sikumwona akimgusa hata mmoja. Alirudi nyuma polepole, gongo mbele, mwili umeegemea upande mmoja, na wale watoto, ambao wangeweza kupita popote, wakajikuta wote wamefika kwenye tangi la kona, mahali pasipo na njia. Akainama, akachukua kifuniko.

"Siwezi kuwapiga bega," akaniambia, karibu akiomba radhi. "Wataanguka na tuko juu. Nawaelekeza tu kwa tangi."

Nilisimama pale na kujiona nilivyokuwa nyuma ya kioo Jumapili, na leso yangu, nikiandika kwamba haonekani mchezoni. Wale washambuliaji hawakuwa wamekwenda konani kwa kupenda kwao. Walipelekwa.

Hata hivyo mimi ni mtu wa kuthibitisha. Jumapili ya pili nilitoa viatu vyangu vya barafu chini ya kitanda, nikamwambia mke wangu ni kwa ajili ya fomu. Alinitazama, akaniwekea bandeji kwenye mfuko. Kocha akatupa nusu ya kiwanja, mimi na paki, yeye na gongo lake, kipa nyuma.

Mara ya kwanza nilipita kushoto. Nilikuwa na hakika nimempita, mpaka nilipogundua kwamba ninachokisukuma ni hewa. Mara ya pili nilipita kulia, kwa kasi yangu yote, ambayo nakiri si ile ya zamani, nikajikuta natazamana na ubao wa pembeni kwa karibu sana. Mara ya tatu nikaamua kutumia ujanja wangu wa ujanani: unajifanya unapiga, beki anajikunja, unachomoka. Nikajifanya. Hakujikunja. Alikuwa anatazama kifua changu, hakutazama mikono wala paki, na kifua hakijui kudanganya. Nikakaa chini, polepole, kama mtu anayekaa mkekani, kisha nikateleza kwa makalio hadi miguuni pa kipa.

Msichana akaja, akanipa mkono.

"Pole, mzee."

Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Hakuna aliyewahi kuniita mzee barafuni. Nikaushika mkono ule na kuinuka kwa heshima niliyoweza kuiokota, na kocha, kule kwenye benchi, akawa amegeuka ukutani mabega yakimtikisika.

Lakini nilikuwa nimepewa kazi ya kupima, na siku ile, alipoingia mchezoni na wenzake, niliuona udhaifu wake pia. Akishaipata paki, alitaka kuiondoa mikononi upesi, kama kiazi kilichotoka jikoni, akimpa aliye karibu hata kama amezibwa. Paani hakukuwa na mtu wa kumpa pasi. Mchezo uliishia alipookota kifuniko. Na hakuongea. Beki lazima aongee na kipa wake, amwambie nani anatoka wapi. Nikamwita pembeni.

"Lazima useme."

"Niseme nini, anko?" Nilifurahi kwamba nimerudi kuwa anko.

"Sema unachokiona."

Mchezo ukaendelea. Mshambuliaji akaja. Msichana akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani kwa wageni, "Anakuja." Kipa akavua helmeti akauliza, "Umesemaje?" Na bao likaingia, la kwanza upande ule tangu nianze kumtazama. Nikaliandika.

Fomu niliimaliza Jumatatu. Kurudi kinyumenyume nilimpa tano, na kusoma mchezo tano. Pasi nikampa mbili; kasi, mizani na ujasiri nne nne. Sauti haikuwa kwenye orodha, nikaiandika pembeni. Ukurasa wa mwisho ulinishinda siku mbili. Nitajuaje mtu atafika wapi, mimi niliyedhani nitafika mbali? Mwishowe niliandika tu nilichokiona: kwamba amejifunza peke yake, mahali pembamba, bila mwalimu, na kwamba sijui atakuwa nani akipata mahali papana na watu wa kumpa pasi, ila ningependa kuwepo siku hiyo.

Kabla ya kuituma nilimwonyesha, kwa kuwa niliona si haki mtu asemwe nyuma ya mgongo wake. Alisoma kurasa zote nne akiwa amesimama, hakukasirikia ile mbili ya pasi, akaweka kidole mahali pamoja.

"Hapa umeandika 'hana haraka'."

Yalikuwa mabaki ya Jumapili ya kwanza. Nilisahau kuyafuta.

"Niko na haraka," akasema. "Naificha."

Nikatazama uso wake nione kama ananitania. Hakuwa ananitania hata kidogo. Nikachukua kalamu na kuandika vile vile alivyosema.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Walimkubali. Kulikuwa na pasipoti, na jaketi la baridi ambalo mama yake alilipata soko la Muthurwa, zito hivi kwamba lilisimama lenyewe, na sala ndefu ya wamama wa ploti, wale wale wa mashuka. Alikaa huko majuma mawili. Juma la kwanza walimweka na wenye umri wake, la pili wakampandisha kwa wakubwa. Kuna siku alifungwa mabao matatu kwa kosa lake, akatuma ujumbe wa neno moja, "Leo hapana," na siku mbili hakutuma kitu kingine. Kisha ikaja picha yake amekaa kwenye benchi katikati ya wasichana wenye mashavu mekundu, mdomo umebabuka kwa baridi, anacheka.

Aliporudi, mama yake alichinja kuku akatualika, mimi na mke wangu. Tulipanda ghorofa saba, na safari hii mke wangu ndiye aliyependekeza tupumzike ya tano, kwa ukarimu ambao nimeamua kutouchunguza. Ugali ulikuja, kuku akaja. Kwao firigisi ya kuku hupewa mgeni wa heshima, mwanamume, na mwanamume mgeni pale mezani nilikuwa mimi peke yangu. Nilishakaa sawa. Nilishanyoosha sahani kidogo.

Mama akaitafuta kwenye mchuzi kwa kijiko, akaipata, akaipitisha mbele yangu taratibu, na kuiweka kwenye sahani ya binti yake.

"Mwalimu, chukua paja," akaniambia. "Paja pia ni zuri."

Nikachukua paja. Msichana aliitazama firigisi ile, akamtazama mama yake, kisha akaila, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana haraka.