Kamba ya Kukhu na Kalvati Mpya

Juzi nimerudi nyumbani, jamaa wa boda akasimama kwa mteremko wa mwisho, akazima pikipiki. "Madam, shuka. Hapa sipiti, hii suruali nimefua jana." Maji ilikuwa imekalia barabara kama mgeni hana haraka. Chini ya hiyo maji kuna kalvati mpya, ya kuipitisha chini ya barabara. Nikavua viatu nikavuka, na hasira ikanirudisha mbali.

Wewe kama umekulia Navakholo unaijua hii barabara yetu ya murram. Nikiwa mdogo, hapo kulikuwa na kalvati ya zamani, mabomba ya simiti yamepasuka midomo kwa sababu ya trekta za miwa. Tulikuwa tunakaa hapo tukitafuna miwa, maji ikiongea chini yetu. Kukhu, nyanya yangu, alisikilizanga hiyo sauti akichambua mboga. Ikipungua anasema, "Koo imeanza kuziba." Shamba yake ya saga na murenda iko upande wa juu wa barabara, kwa hivyo kalvati ikiziba, maji inarudi kwake kwanza. Hiyo mboga ndiyo imetulisha sisi wote.

Kabla ya mvua kubwa, majirani walikuja Jumamosi na majembe bila kuitwa. Kukhu analeta kamba ya mkonge. Mimi ndiye nilikuwa mwembamba, nafungwa kamba kiunoni, naingia bomba upande huu natambaa mpaka ule, natokea nikinuka matope hadi kwa nywele. Halafu wanafunga kwa hiyo kamba gunia imeshindiliwa majani ya miwa, hawa wanavuta huku, wale wanavuta kule, vile unaosha ndani ya chupa. Jirani yetu, mzee wa trekta, alinichekanga: "Huyu nani ataoa? Ni panya ya kalvati." Ikiisha, ni chai na viazi vitamu vya moto. Kukhu anasikiliza tena, anasema, "Sasa inameza."

Mwaka jana kontrakta akaleta mabomba mapya. Nilifurahi, hata nikapiga picha. Kukhu akaenda akawaambia wachimbe mpaka wafike mchanga mweupe, kwa sababu ile walikuwa wanaona si chini, ni matope tu. Kijana wa kusimamia akamjibu, "Mama, tuachie kazi." Wakalaza mabomba juu ya matope. Sasa mdomo uko juu, maji lazima ijaze shamba ya kukhu kwanza ndiyo ifikie mdomo wa kalvati.

Kwa hivyo juzi sikungoja hata chai. "Kukhu, nipe kamba."

"Itapita wapi?"

Nikamuita mzee wa trekta. Tukafunga kamba kwa mwanzi mrefu, nikausukuma ndani, yeye akingoja upande ule. Ukaenda kidogo, ukagonga. Nikasukuma tena, ukagonga hapo hapo. Bomba la katikati limezama kwa hayo matope, mdomo wake hauoni mdomo wa mwenzake. Mzee akaniita kutoka kule, "Panya, si uingie." Tukacheka, halafu nikauvuta mwanzi nje.

Jana nimeenda ofisi ya barabara. Wakaangalia kwa kitabu yao, wakaniambia hiyo kalvati ni mpya, haiwezi kuwa kwa orodha ya kurekebishwa. Nimeuliza mara tatu. Wameniambia hivyo mara tatu.

Sisemi ile ya zamani ilikuwa nzuri. Ilikuwa imechoka. Lakini ikiziba, tulijua la kufanya, na Jumamosi jioni ilikuwa imefunguka. Hii mpya haituhitaji kwa chochote, ni kungoja tu.

Nikitoka huko ofisini nilimpata kukhu shambani, maji kwa magoti, aking'oa saga yote kabla haijaoza, hata ile changa. Tukaila na obusuma, ugali wetu. Akimaliza alitoa ile kamba kwa msumari, akaikata na panga vipande viwili, kipande kimoja akafungia ndama. Nilitaka kumzuia, nikakosa sababu.