Chumba Kisichokuwepo

Mwaka 1953 Wegesa alitoka Butiama akaja Musoma mjini kushona magodoro. Akapanga chumba nyuma ya nyumba ya fundi seremala Nassibu. Kilikuwa kibanda cha udongo kilichojengwa bila kibali, kimeezekwa madebe, chembamba hata ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Wegesa hakujali. Kwa wakwe zake alilala miaka tisa na mbuzi. Hapa palikuwa na mlango wenye komeo la ndani. Wiki ya kwanza aliufunga na kuufungua bila sababu, akicheka kama aliyetekenywa.

Msimu wa pamba karani mmoja akakitaka chumba kile kwa kodi kubwa zaidi. Nassibu akamwambia Wegesa ahame kesho yake. Alipomkumbusha kwamba amelipa mwezi mzima, Nassibu akajibu kwa upole kwamba chumba hakimo katika ramani ya mji, na aliyepanga pasipokuwepo hana haki. Asubuhi, Wegesa akiwa ziwani kuchota maji, Nassibu akang'oa mlango akaenda nao karakanani kwake, ng'ambo ya soko.

Wegesa aliporudi alikiona kitanda chake tangu barabarani. Alitaka kulia, kikamtoka kicheko. Akatundika godoro la mteja mlangoni, akabandika chai. Jirani yake Mwanaupe, muuza vitumbua, akaja kumpa pole, akajipenyeza kando ya godoro, likamwangukia. Wakacheka mpaka chai ikafurika jikoni. Wapita njia wakachungulia. Kufikia saa nne wawili wao walikuwa wameshaagiza magodoro.

Mwanaupe akamshauri aende kwa Liwali, mwamuzi wa kesi za mji. Wegesa aliogopa: si atakuwa amejitangaza kwamba anakaa pasipo ruhusa?

"Kwani aliyejenga ni wewe?" Mwanaupe akamwuliza.

Barazani Liwali alimwuliza Nassibu kama chumba kipo au hakipo. Nassibu akaifikiria faini ya kujenga bila kibali, akasema hakipo.

Wegesa akasimama. "Mimi nalalaga ndani yake, Bwana Liwali. Kama hakipo, mlango ameung'oa wapi?"

Baraza zima likaangua kicheko, Liwali naye akainama kama anayetafuta kiatu. Kisha akaamua: kosa la kujenga bila kibali ni la mwenye nyumba, na mpangaji hatolewi kwa kung'olewa mlango. Urudishwe leo, na Wegesa apewe miezi miwili kabla kibanda hakijabomolewa.

Wegesa hakungoja urudishwe. Yeye na Mwanaupe waliufuata karakanani, wakaubeba vichwani, wakakatiza sokoni wakiyumba kwa kucheka, wakiugonga kwa chini na kupiga hodi kila walipokutana na mtu wanayemjua.

Miezi miwili ilipokwisha alipata chumba mtaa wa Nyakato. Kabla ya kutua mzigo alimwomba mwenye nyumba, mzee mmoja, amwonyeshe kibali cha ujenzi. Mzee akaingia ndani kukitafuta, Wegesa akamngoja nje akiimba. Hakujua kusoma, lakini kibali kilipoletwa aliupapasa mhuri wake kwa kidole, akaridhika, akaingia.