Nilifumba Macho Kaka Yangu Akiwa Mlangoni

Jina langu nitalificha. Huku Kuria tunajuana wote, na aibu niliyo nayo inanitosha. Nilimkosea kaka yangu, tena nilimkosea huku nikijiona mtu mwema kuliko wengine.

Kaka nitamwita Mwita, ingawa silo jina lake. Amenizidi miaka tisa. Mimi nimezaliwa na hasira. Nikiwa kijana nilimvunja mtu meno mawili sokoni Kegonga, tukigombania kamba ya kufungia ng'ombe, na Mwita ndiye aliyekwenda kwa watu wake kuniombea msamaha. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye mahindi.

Baadaye nilipata kazi Nairobi, kupika kwenye hekalu la Wabudha. Mtawa mmoja wa pale, mzee kutoka Sri Lanka tuliyemwita Bhante kwa heshima, aliona ninavyogombana na masufuria akaamua kunifundisha. Keti. Fumba macho, fuata pumzi. Hasira ikija usiifukuze wala usiifuate, itazame tu. Kisha mtakie heri mtu unayempenda, halafu usiyemjua, halafu aliyekuudhi. Mwanzoni nilicheka, lakini ilinisaidia kweli. Niliporudi nyumbani, si mbali na Kehancha, mke wangu alisema nimebadilishiwa kichwa. Nami nikaanza kujisifu moyoni kwamba hasira nimeishinda.

Hapo ndipo nilipopotea.

Mimi na Mwita tunalima tumbaku, na tuna nyumba moja ya kukaushia majani. Moto wake unawaka siku kadhaa mfululizo na mnapokezana kuulinda. Ukizimika kabla jani halijakauka, jani linageuka jeusi na jasho la msimu mzima limekwenda. Siku hiyo zamu ya mchana ilikuwa ya Mwita, mimi nilikuwa nimekwenda Kehancha na pikipiki yangu. Niliporudi alasiri nilikuta moto umekufa, majivu yamepoa, na Mwita ameketi chini kando ya kuni akinitazama kama mtu asiyenijua vizuri.

"Usingizi ulinibeba," akasema. "Sijui ni nini, ndugu yangu. Niliona tu giza."

Damu ikanipanda kichwani. Nikavuta pumzi, nikaitoa. Halafu nikatabasamu. Jamani, nilitabasamu! Nikamwambia, "Hakuna shida, kaka," nikaenda zangu nyumbani kuketi. Sikumuuliza hata neno moja kuhusu hilo giza.

Tangu siku hiyo sikukaa na Mwita tena. Sikumtukana, sikumsema kwa watu, na tukikutana njiani nilimsalimia. Ila kwake sikuingia. Kwetu, ndugu wa boma moja wakiacha kula pamoja, kila mtu anajua kuna jambo. Mke wake alikuwa akija kuniita.

"Shemeji, kaka yako amekataa kugusa ugali mpaka ukuje."

"Mwambie niko kwa tafakari."

"Hiyo tafakari haiishangi?"

Nilikuwa na majivuno ya kijinga. Hata nilipoketi kuwatakia heri viumbe wote, nikifika kwa aliyeniudhi nilimtaja dereva mmoja wa lori aliyewahi kunirushia matope. Mwita nilimruka. Miezi mitano nilimruka.

Mara tatu alikuja mwenyewe. Huwa naketi asubuhi, mlango ukiwa wazi, na hatua zake nazijua kwa sababu ya viatu vyake vya tairi. Mara ya tatu kiatu kimoja kilikuwa kinaburuta. Alisimama pale muda mrefu, nikawa namsikia anavyohema. Nikajiambia, itazame hasira tu, ataondoka. Akaondoka.

Siku kumi baadaye walimbeba. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa sukari na hakujua, na ndio uliomwangusha siku ile ya moto. Kisha alikanyaga msumari asiusikie, mguu ukaanza kuoza kuanzia unyayoni. Walipomfikisha hospitali Migori walikuwa wamechelewa, ukakatwa chini ya goti. Siku zote hizo pikipiki yangu ilikuwa imesimama hatua chache kutoka mlangoni pake.

Nikampigia Bhante. Nisiwafiche, nilitaka aniliwaze. Nilimweleza yote, na jinsi ambavyo sikupaza sauti hata mara moja. Kiswahili chake ni kile alichookota kwetu jikoni.

"Siku ya moto, wewe nauliza yeye nini nampata?"

"Sikuuliza, Bhante."

"Basi hasira iko. Wewe nafundisha hasira kukaa vizuri tu."

Nililia nyuma ya nyumba ya tumbaku kama mtoto. Kisha nikaenda kwa Mwita, nikapiga magoti kando ya kitanda chake, nikamwambia ukweli: kwamba mara zote tatu nilimsikia, na nilifumba macho kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia.

"Kumbe ulinisikia," akasema. "Mimi niliona unaomba. Sasa mtu akiomba utamkatiza aje? Nikasema nitarudi kesho."

Sijui kama amenisamehe, na sithubutu kumuuliza.

Siku hizi ninamsafisha kidonda kila asubuhi. Maumivu yamemfanya mkali, ananigombeza mbele ya watoto, na hasira yangu ya zamani inanijia mpaka kooni. Navuta pumzi. Lakini sasa pumzi ikishatoka namuuliza, "Inauma wapi, kaka?" Wakati mwingine ananionyesha.

Wewe unayesema hukasiriki, jichunguze. Kama kuna mtu humsemeshi na unaita hiyo ni subira, ndugu yangu, unajidanganya kama nilivyojidanganya mimi. Nenda ukamuulize yaliyompata, leo, kabla hujaketi. Mimi bado naketi, ila macho wazi, uso ukielekea mlangoni. Mwita haji tena. Nikimaliza, mimi ndiye ninayekwenda kwake.