Mdogo Wangu Alivyonitembeza Addis Ababa

Safari ya Addis Ababa niliichukia kabla haijafika nusu, na aliyenichukiza si ule mji. Ni mdogo wangu wa kiume.

Kwa mama yetu tumebaki sisi wawili tu. Mimi nilifundisha shule ya msingi hapa Morogoro mjini mpaka nikastaafu. Yeye ana magari ya kupeleka watalii mbugani, na nyumba mtaa wa Kilakala yenye geti linalojifungua lenyewe. Hatukuwa watu wa kutembeleana. Kwa hiyo alipokuja kwangu na kusema, "Dada, hujawahi kutoka nje ya nchi, nataka nikutembeze Ethiopia, nchi ya kale ile," nilimtazama usoni nikitafuta ugonjwa. Nilidhani ameambiwa jambo baya hospitali, sasa anataka kupatana na ndugu. Nikakubali.

Addis kuna baridi. Nimezaliwa Kinole, huko milimani Uluguru, baridi naijua, lakini ile iliingia mpaka kwenye meno. Alinipandisha mlima Entoto kuona kasri la mfalme wa zamani, nikakuta nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, nikaipenda. Akanipeleka kanisa kuu walikozikwa wakubwa wa nchi. Kila tulipofika, yeye alipiga picha mageti, mabango ya viingilio, maduka ya zawadi na hata vyoo.

"Unaona, dada? Watu wanatoka Ulaya kuja kuangalia makaburi."

Alisema hivyo kanisani, akarudia kwenye gari, akarudia tena tukiwa mezani tunakula injera. Hapo nikaacha kutafuna.

"Ni makaburi gani unayotaka kuniambia habari zake?"

"Tule kwanza."

"Sema."

Akasema. Kile kilima cha Kinole alikolala bibi, na mama yake bibi, na mama yetu mwenyewe, anataka kujenga loji ya watalii. Mbia ameshampata. Kwetu Waluguru ardhi ile ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na mwanamke mkubwa aliyebaki katika tumbo letu ni mimi. Wazee walishamwambia kwamba nisipotamka ndiyo mbele yao, jembe haligusi pale. Makaburi hayatafukuliwa, aliniambia. Yatazungushiwa kamba nzuri, na wageni wataelezwa historia.

"Kumbe ndiyo maana umenipandisha ndege."

"Nimekupandisha ndege uone watu wenye akili wanavyofanya."

Asubuhi yake nilitaka kubaki chumbani. Akanibembeleza mbele ya wahudumu wa hoteli mpaka nikaona aibu, nikamfuata makumbusho. Huko kuna kabati la kioo lenye mifupa ya mwanamke wa kale kabisa, mdogo kama mtoto. Kijana aliyetutembeza alizungumza Kiingereza, na mdogo wangu akawa ananitafsiria kwa sauti, kana kwamba nimeshuka mlimani juzi. Kijana akaeleza kwamba tunachokiona ni mfano tu, na mifupa yenyewe imefungiwa ndani, hailetwi mbele ya wageni.

Mdogo wangu akakohoa. "Anasema huyu ndiye bibi wa watu wote."

"Hakusema hivyo," nikamwambia. "Kiingereza nimewafundisha watoto wa watu maisha yangu yote. Amesema huyu ni wa kuigiza, mwenyewe wamemhifadhi. Hao wenye akili wako wamemficha wao, wewe unataka kumwanika mama."

"Mama amekufa, dada! Ushamba wako ndio unaoturudisha nyuma."

"Kaburi lake ni lipi? Nionyeshe. Lipo upande gani wa la bibi?"

Siku tuliyomzika mama, yeye alikuwa mbugani Mikumi na wageni wake, na tangu hapo hajapanda kule. Watu walikuwa wameshageuka kututazama. Nikapandisha sauti makusudi: "Hujui! Unauza usichokijua!" Kijana wa makumbusho akatuomba kwa upole tutoke nje.

Tulirudi bila kusemeshana, tumekaa viti vya jirani. Baadaye wazee walituita Kinole, nikatamka hapana mbele yao. Mdogo wangu akasimama, akaninyooshea kidole. "Mwanamke hana hata mtoto, hicho kilima anamlindia nani?"

Hakuna aliyemkemea. Mzee mmoja alitazama chini, mwingine akajifanya anarekebisha kofia yake. Nilijua nikifungua mdomo nitalia, na machozi yangu sikutaka ayapate. Lakini neno langu lilisimama, wakafunga kikao.

Loji ameijenga penginepo, kando ya barabara ya Iringa. Ameiita kwa jina la mama. Nililiona bango nikiwa ndani ya basi, maandishi makubwa ya rangi ya dhahabu, na abiria wa kiti cha jirani akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi. Siku ile sikuweza kula.