Mtu Aliyejificha Chini ya Kitanda cha Baba

Sisi tuliolelewa Thika wakati televisheni ilikuwa moja kwa mtaa mzima, na hiyo moja ikifungiwa kabatini kama vyombo vya wageni, tulijua kuogopa. Nasema kuogopa kwa adabu, polepole, filamu nzima bila kwenda msalani. Watoto wa siku hizi wamenyimwa raha hiyo, maskini. Binti yangu Wanja hutazama filamu ya mauaji huku akila, akichati na wenzake, na filamu yenyewe ameiongeza kasi mpaka waigizaji wanaongea kama madalali wa mnada. Kabla hata maiti ya kwanza haijapoa, anaisimamisha, anasoma kwenye simu muuaji ni nani, kisha anaendelea kutazama kwa utulivu wa mtu anayesubiri chapati iive.

"Mum, si ni vizuri kujua mapema?" huniambia. "Hivyo sipati stress."

Naam. Mungu awaepushe na stress.

Sisi tulikuwa tunaitafuta stress hiyo kila Jumapili alasiri, baada ya kanisa, katika ukumbi wa mabati uliokuwa karibu na nyumba za wafanyakazi wa viwandani. Viti vilikuwa mabenchi yenye vibanzi, na jua likiwaka sana mabati yalikuwa yanalia juu ya vichwa vyetu. Tuliingia na njugu kwenye karatasi na ngumu mfukoni, lile andazi ambalo ukimrushia mtu unaweza kushtakiwa. Filamu zilikuwa za zamani hata wakati huo. Hazikuwa na rangi, na zilikuwa zimekwaruzika hivi kwamba mvua ilinyesha kila mahali, hata sebuleni. Wazungu walivaa kofia ndani ya nyumba na kuongea Kiingereza cha puani ambacho hata mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akikitikisia kichwa tu kana kwamba ameelewa. Haikutusumbua. Mlango ukifunguka polepole na hakuna mtu aliyeusukuma, unahitaji kamusi ya nini?

Profesa wetu alikuwa Tata Njeri, dada mdogo wa baba, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo na ambaye hakuwahi kukosa filamu hata moja ya taharuki. Alitufundisha kwamba dunia ina watu wawili: staringi na adui. Staringi hafi, na nywele zake hazivurugiki. Adui ana masharubu. Ukishajua hilo, alisema, hakuna filamu itakayokushinda. Alijisifu pia kwamba yeye, siku akikutana na hatari ya kweli, atakuwa mtulivu kama maji ya mtungi, maana ameshaona kila kitu.

Halafu siku moja wakatuletea filamu ya mwalimu wa piano.

Mwalimu huyu alikuwa mpole, nadhifu, na mke wake alikuwa ametoweka. Tulimpenda mara moja. Alimega mkate akawapa ndege. Lakini kila akibaki peke yake alikuwa anaitazama ile piano kwa namna ambayo mtu haitazami piano. Kidogo kidogo tukaelewa kwamba ndani yake, katikati ya zile nyuzi, kuna kitu kimefichwa. Akaja inspekta wa polisi, mwenye masharubu, akaketi, akaanza kubonyezabonyeza funguo za piano akizungumza habari za hali ya hewa. Moja baada ya nyingine zikalia. Alikuwa anakaribia ule mmoja ambao hautalia. Ukumbi mzima ulikuwa umeacha kutafuna. Na hapo mke wa mchungaji wetu, ambaye rasmi alikuwa amekuja kuwaangalia watoto wa Shule ya Jumapili, akasimama na kupiga kelele, "Usibonyeze hapo!"

Kisha akajifunika mdomo. Lakini tulishasikia, na kila mtu ukumbini alikuwa akiomba hivyo hivyo moyoni. Wakristo watupu, tuliokuwa tumetoka ibadani, tulikuwa tunamwombea mtu ambaye pengine alikuwa amemuua mkewe.

Inspekta akabonyeza. Kimya. Akatabasamu, akavaa kofia, akaaga, akaenda zake. Mwisho. Taa zikawaka.

Watu walitaka kuuvunja ukumbi. "Rudisha! Imekatwa!" Mzee wa projekta akatoa kichwa kwenye kile kidirisha chake. "Haijakatwa," akasema. "Imeishia hapo. Nendeni nyumbani mkafikirie."

Wiki nzima Thika ilifikiria. Kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji, kiwandani. Ameua ama hajaua? Inspekta amemhurumia, amehongwa, ama ni kiziwi? Tata Njeri, kwa mara ya kwanza, hakujua staringi alikuwa nani, na jambo hilo lilimharibia hamu ya kula.

Mama hakuchangia. Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na hakuwa ameingia kwenye sinema maishani mwake. "Mnalipa kiingilio kwenda kuogopa?" alituuliza. "Kaeni hapa nyumbani, mimi nitawatisha bure."

Hakujua alichokuwa akisema, ama labda alijua.

Ilikuwa alasiri ya siku ya kazi. Mama ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango akimenya minji, zile njegere mbichi, Tata Njeri akimsaidia, mimi nikiokota zilizodondoka. Baba alikuwa ndani, amelala. Alikuwa ametoka shifti ya usiku, na akikoroma pazia lilikuwa linatembea. Tukasikia makelele kutoka upande wa mtaa wa Kiandutu. "Mwizi! Mshike mwizi!" Mnakumbuka kelele hizo, nyinyi wa rika langu. Mnakumbuka pia zilikuwa zinaishaje, kwa mawe na tairi, na sisi watoto tukifukuzwa tusione.

Kijana mmoja akatokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa amevaa dastikoti ya kazi iliyopasuka begani na shingo yake ilikuwa na damu. Alisimama akamtazama mama, na mama akamtazama yeye. Kisha mama akasogeza kigoda chake kidogo, kama unavyompisha mtu kwenye benchi la kanisa. Kijana akapita, akaingia ndani. Mama akarudisha kigoda mahali pake na kuchukua minji nyingine.

Wakafika. Walikuwa wengi, na mbele alikuwa Karanja kinyozi, mtu ambaye siku nyingine alikuwa mcheshi kabisa. Sasa alikuwa na rungu.

"Mama Nyambura, kuna mwizi amepita hapa?"

"Mwizi wa nini?"

"Ameiba baiskeli ya Baba Wairimu! Tumemfukuza kutoka Kiandutu."

Baba Wairimu tulimjua wote. Alikuwa anatuletea maziwa kwa baiskeli hiyo kila asubuhi, akipiga kengele na kuwapungia watoto. Kama kungekuwa na shindano la mtu asiyestahili kuibiwa, angeshinda.

"Na hiyo baiskeli iko wapi?" mama akauliza.

Karanja akasita. "Ameshampa mwenzake."

"Mimi niko hapa na minji yangu. Sijaona baiskeli."

"Mama, hatuulizi baiskeli. Tunauliza mtu. Ndani kuna nani?"

"Ndani kuna Baba Nyambura. Ametoka shifti ya usiku." Mama akautazama mlango, kisha akamtazama Karanja. "Ukitaka kumwamsha, mlango ni huo."

Hakuna aliyesogea. Baba aliwahi kumfukuza mhubiri wa nyumba kwa nyumba kwa ndoo ya maji, na yule alikuwa amemwamsha kwa ajili ya uzima wa milele.

Nikamtazama Tata Njeri nipate mfano. Bingwa wetu wa taharuki, maji ya mtungi, alikuwa ameinua sufuria na alikuwa akiyanywa maji ya kuoshea minji.

Karanja naye akamwona. Akashuku. Akanigeukia mimi. "Nyambura, wewe ni mtoto wa Shule ya Jumapili, huwezi kudanganya. Umeona mtu hapa?"

Mama hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kumenya. "Mjibu Karanja," akasema.

Huyu ndiye mama aliyenifundisha kwamba mwongo huchomwa. Nilihisi moto wenyewe masikioni. "Nimekuona wewe," nikasema.

Watu wawili watatu wakacheka. Karanja mwenyewe akakaribia kucheka. Na hapo hapo, baba akaacha kukoroma.

Sijui kama mmewahi kusikia mtu akiacha kukoroma. Pazia lilitulia. Kitanda kililia mara moja, kikanyamaza. Niliwaza: amemwona. Sasa ataita. Minji moja ilimponyoka mama, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Karanja, na wote tukaitazama kana kwamba ndiyo itatoa ushahidi.

"Ni nani hao wanapiga kelele kwangu?" Sauti ya baba ilitoka ndani kama lori la mawe.

"Pole, mzee. Lala tu," Karanja akasema, na umati wote, marungu na hasira zake, ukaondoka kwa kunyata kama wageni waliochelewa ibadani.

Tulingoja. Baba akatokea mlangoni amevaa fulana, akajinyoosha, akapiga miayo.

"Huyo aliye chini ya kitanda amelalia viatu vyangu," akamwambia mama. "Mpe chai. Na aviache."

Akarudi kulala.

Kijana akanywa chai akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Mama akamwosha shingo, akampa koti kuukuu la baba. Hakumuuliza jina. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikisubiri swali lile moja, swali ambalo hata mtoto angeuliza, na mama hakuliuliza. Akaingia akabadilisha nguo. Akatoka amevaa sare yake ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani na kila kitu, akampa kijana abebe mfuko wa viazi.

"Tembea nyuma yangu," akamwambia. "Usikimbie. Mtu wa kanisa hakimbii."

Wakatoka mchana kweupe, mimi nikiwafuata kwa kuwa hakuna aliyenikataza. Tukapita kwa kinyozi. Tukapita sokoni. Na karibu na barabara kuu tukakutana na nani? Baba Wairimu, kwa miguu, amebeba kopo la maziwa begani, uso umemshuka.

"Habari, Mama Nyambura. Umesikia yaliyonipata?"

"Nimesikia, Baba Wairimu. Pole sana."

"Naona umepata mtu wa kukusaidia mzigo," akasema, na akamtolea yule kijana mkono. Wakasalimiana. Kijana alisema "poa, mzee," na macho yake yalikuwa kwenye viazi. Ningetoa kila nilichokuwa nacho kujua kilichokuwa ndani ya macho hayo. Aibu? Woga tu? Mtu asiye na hatia angeangalia wapi?

Kijana akapanda gari la kwenda upande wa Ruiru. Hatukumwona tena.

Baiskeli nayo haikuonekana. Baba Wairimu aliendelea kuleta maziwa kwa miguu, na kwa kuwa alichelewa na jua lilikuwa kali, maziwa yalifika yameanza kuganda. Wateja wakamhama mmoja mmoja, wakisikitika sana. Mama hakuhama. Tulikunywa chai yenye mabonge ya maziwa mpaka tukaizoea. Nikikunja uso, mama alisema neno moja tu: "Kunywa." Mwishowe Baba Wairimu aliacha, akaenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya mananasi. Siku aliyokuja kuaga, mama alimpikia chakula, na mgeni alipoondoka, mama alikaa jikoni mlango umefungwa. Tata Njeri alitaka kuingia, baba akamzuia.

Mama sasa ni mzee, anaishi nasi hapa Ruiru, ghorofa ya nne, mahali ambapo kigoda hakina mlango wa kuwekwa mbele yake. Lakini usidhani tumekosa umati. Uko kwenye simu. Majuzi mtu alituma kwenye kundi la wapangaji wa ploti yetu picha ya kamera ya geti: kijana amesimama na helmeti mkononi, anatazama juu. "Huyu ndiye anaiba mitungi ya gesi." Kabla chai yangu haijapoa, watu waliokuwa wamejilaza kwenye makochi yao walikuwa wameshamkamata, wamemhukumu, na mmoja, shemasi, ameuliza mafuta ya taa yanauzwa wapi siku hizi. Walifuatisha na vikatuni vya kucheka.

"Ni yeye," Wanja akasema akichungulia simu yangu. "Angalia macho yake."

"Macho yake yana nini?" mama akauliza kutoka kwenye kochi.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nikamsikia mama akiisimulia habari ya yule kijana. Aliisimulia polepole mno. Wanja hakuweza kumwongeza kasi.

"Sasa, shosho," akauliza mwishoni, "aliiba ama hakuiba?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Ningemuuliza, angenijibu. Halafu ningekuwa na kazi ya kuamua kama namwamini, na Karanja yuko mlangoni."

Wanja akatazama simu, mkono ukiwa tayari kutafuta, kisha akatambua hakuna pa kutafuta. "Na kama angekuwa ameua mtu? Bado ungemficha?"

Chini barabarani bodaboda zilikuwa zikipiga honi. Wanja alisubiri. Aliacha simu ikalia, ikakata, ikalia tena.

"Ningeogopa zaidi," mama akasema hatimaye.

Wanja alikasirika, akasema hilo si jibu, akaenda chumbani kwake. Lakini asubuhi, akifunga kamba za viatu vya shule, aliniuliza polepole kama mimi ningefungua mlango. Zamani zile umati ulilazimika kuja mpaka kwako, ukakutazama usoni, na wewe ukaamua ukiwa umekaa. Sasa unakufikia ukiwa umelala, na unachotakiwa kufanya ni kubonyeza kile kikatuni cha kidole gumba, kukubaliana nao. Nilimwambia Wanja ukweli, kwamba sijui. Alinitazama kama mtu aliyetapeliwa, akachukua begi lake, akashuka ngazi akiendelea kufikiri.